Muulize Mjomba: Kitabu kimenikosesha kula siku tatu, nimalizie kingine au nikifute?

Swali la kwanza

Shikamoo mjomba. Mimi nakaa mapokezi kwenye gesti moja hapa Morogoro, zamu yangu ni ya usiku, wateja wakishalala kuanzia saa sita mpaka alfajiri ni mimi, feni na mbu, kwahiyo nasoma. Nilianza na zile simulizi za majini za kwenye simu, nikahamia kwa Stephen King, yule Mmarekani wa riwaya za kutisha, King akanitisha mpaka akafika mahali hanitishi tena, nikawa naulizia kwenye magrupu jamani nipeni kitu kikali zaidi, na watu wanakupa mjomba, wanakupa mpaka unajuta. Mwezi uliopita nikatumiwa The Girl Next Door ya Jack Ketchum, ile ya binti anayeteswa chini ya nyumba na mama anayemlea akishirikiana na watoto wa mtaani. Nimekisoma kwa siku mbili. Baada ya hapo siku tatu sikula vizuri, nikiona ngazi za kushukia stoo tumbo linakaza. Alafu nikaja kuambiwa ni kisa kilichotokea kweli, ndo nikachanganyikiwa kabisa, nikajiona kama na mimi nilikuwepo pale nimekaa naangalia tu. Mchumba wangu kashika simu yangu kaona mavitabu yenyewe, anasema naita mapepo ndani na mwanamke wa kuolewa hasomi vitu hivyo. Sasa mjomba, mimi mgonjwa? Mpaka wake ni wapi? Na kuna kingine nimekifikisha nusu, kibaya kuliko hicho, nimalizie au nikifute?
*Zamu ya Usiku, Morogoro*

Mjomba anajibu

Marahaba mpwa wangu. Nianze na lile jepesi: hicho cha nusu kifute leo kabla hujaingia zamu. Kwanini nitakwambia, ila usisubiri mpaka nimalize kuongea.

Kwetu hadithi zilikuwa za usiku, mchana ilikuwa mwiko. Bibi yetu alikuwa na zimwi moja lile, yani ukilichukua ukaliandika kama lilivyo leo wangekwambia ni la kuanzia miaka 18. Lilimeza kijiji kizima, likala wazazi wa watu, likatema mifupa, likaimba. Na hakuna aliyemwita bibi mgonjwa, wala sisi tuliokuwa tunadai lirudiwe. Ila bibi alikuwa na kibatari, na kwa mwanga ule mdogo alikuwa anatuangalia nyuso. Mdogo wangu akianza kujifunika kanga mpaka kichwani basi ghafla zimwi linasikia usingizi, au wimbo unaingia mapema tuitikie wote, ukiitikia wimbo hofu inapungua, unasikia na wenzako wapo. Na akituona tumejiachia sana, anamuongezea zimwi jino. Ndo ilivyokuwa, mpaka ulikuwepo, alikuwa nao yeye msimuliaji, na aliusogeza kila usiku kufuatana na nani kakaa pale mkekani.

Kitabu hakina kibatari. Ketchum alifariki 2018, hakujui, hajaona ngazi za stoo yenu, hawezi kulilaza zimwi lake eti kwasababu mtu wa mapokezi Morogoro ameacha kula. Kwahiyo hapo saa nane ya usiku unafanya kazi mbili kwa wakati mmoja, wewe ndo mtoto unayesikiliza na wewe huyohuyo ndo bibi unayeangalia uso. Wasomaji wengi wa hizi hadithi kali wanafanya ile ya kwanza tu.

Ugonjwa sasa. Hapana. Kuna utafiti ulitoka 2021, Coltan Scrivner na wenzake, waliwahoji watu kipindi kile cha korona wakakuta wapenzi wa filamu za kutisha walikuwa na msongo mdogo kuliko wengine. Usiende kumsomea mchumba kama hati ya mahakama lakini, maana wale walikuwa wapenzi wa filamu, hawakuulizwa kuhusu vitabu vya aina ya hicho, na kukuta vitu viwili vinaenda pamoja sio kusema kimoja ni dawa ya kingine. Mimi nimekitaja kwa sababu moja tu, kupenda kutishwa sio dalili ya kichaa, ni jambo la watu wengi mno walio na akili zao timamu na wanalipa kodi.

Na tumbo kukaza ndo lilinipa moyo. Ungeniandikia kwamba umemaliza kitabu kile ukaenda kula wali maharage ukalala, hapo ningekaa nikafikiri.

Kilichonigusa kwenye barua yako ni kale kasentensi ulikokapitia haraka, kwamba King akafika mahali hanitishi tena, ukaanza kutafuta kikali zaidi. Hapo ndo pa kuangalia. Mtu akizoea pilipili kila siku anaongeza, anaongeza, mwisho wake samaki hamsikii, anasikia pilipili tu.

Mimi lilinikuta. Zamani kidogo nilinunua American Psycho ya Bret Easton Ellis kwa wale wauza vitabu wa chini pale Posta, kimechakaa, jalada limebandikwa gundi. Mwanzo nilicheka sana, jamaa anaeleza suti, anaeleza kadi za biashara, anaeleza kiyoyozi na sabuni, kurasa na kurasa. Alafu mauaji yanaanza na yenyewe anayaeleza vilevile kama suti. Mahali fulani nikajikamata nasoma mateso ya mtu kwa mwendo uleule niliosomea suti, macho yanateleza, mkono kwenye karanga. Karanga! Nikakiweka chini. Sijui, pengine mwandishi ndo alichokuwa anakitaka hicho, anionyeshe mimi mwenyewe nilivyo, na kama ni hivyo basi kafaulu na hakuhitaji nifike mwisho. Nilikirudisha kwa muuzaji kwa nusu bei.

Hicho kitabu kilishapigiwa kelele kwao kabla hakijatoka. Wachapishaji wa kwanza, Simon & Schuster, walikuwa wameshamlipa mwandishi, Novemba 1990 wakakitupa, Vintage wakakichukua wakakitoa 1991. Australia wakaamua kiuzwe kimefungwa nailoni na asiuziwe mtu chini ya miaka 18. Hiyo nailoni huwa inanichekesha, maana inajibu nani anunue, haijibu hata kidogo nani anasoma saa nane usiku na hali yake ikoje.

Sasa mpaka. Watu wanadhani mpaka ni kipimo cha damu, kwamba ndoo moja sawa, ndoo tatu umevuka. Mimi siamini hivyo. Sisi lugha yetu imeshatutenganishia haya mambo vizuri tu, kuna hofu na kuna kinyaa. Hofu unaipata mlango ukijifungua wenyewe. Kinyaa unakipata ukiona kilicho nyuma ya mlango kimeoza. Ann Radcliffe, mama wa hadithi za majumba ya kutisha Uingereza, kwenye makala yake iliyotoka 1826 akiwa ameshafariki, alisema kuna kitisho kinachoamsha roho ya mtu na kingine kinachoigandisha, na akaviita vitu viwili tofauti. King naye aliandika 1981 kwamba kwanza anajaribu kukutia hofu ya ndani, ikishindikana anakutisha, hiyo nayo ikishindikana anakutia kinyaa, na haoni aibu. Ona mpangilio wake lakini, kinyaa kakiweka mwisho. Wengi wa hawa waandishi wa hadithi kali kabisa unaotumiwa kwenye magrupu wanaanzia pale King anapomalizia, na kwasababu hakuna pa kushuka zaidi wanaongeza wingi.

Na hata King alishagota ukuta wake. Alikuwa anaishi Orrington, Maine, huko Marekani, nyumba iko pembeni ya barabara ya malori, paka wa binti yake akagongwa, wakamzika kwenye makaburi ya wanyama waliyotengeneza watoto wa jirani, na mwanae mdogo naye nusura akimbilie barabarani. Akaandika Pet Sematary. Akamaliza akaisoma akaona hii hapana, nimezidisha, akaitia kwenye droo. Ilitoka 1983 kwasababu alikuwa anadaiwa kitabu kimoja na mchapishaji wake wa zamani, vinginevyo mpaka leo pengine ingekuwa droo. Na sio kwamba ndo chenye damu kuliko vyote alivyoandika. Ni kwamba kilimgusa mtoto wake. Kila mtu ana ngazi zake za stoo mpwa wangu, za King zilikuwa barabara ya malori.

Haya, turudi kwenye kitabu chako maana hapo ndo penyewe.

Ni kweli kilitokana na tukio. Indianapolis, Marekani, Oktoba 1965, binti wa miaka 16 anaitwa Sylvia Likens. Wazazi walikuwa wanafanya kazi za maonesho ya kuhamahama, wakamwacha yeye na mdogo wake kwa mama mmoja kwa dola 20 kwa wiki. Yule mama, watoto wake, na watoto wa majirani, walimtesa mpaka akafa. Nimemtaja jina makusudi. Kwenye riwaya ana jina lingine na mambo mengi yamebadilishwa, lakini marehemu alikuwa mtu, na mdogo wake aliyekuwa naye ndani ya nyumba ile aliishi nayo miaka mingi baadae.

Ulivyosema ulijiona kama umekaa pale unaangalia, hujakosea kusoma, umesoma sawasawa. Ketchum hakumpa hadithi binti aisimulie, wala yule mama. Kampa mvulana jirani, aliyeona, aliyejua, aliyenyamaza siku nyingi mno. Akakuweka kwenye ngazi pamoja na yule mvulana ili usipate pa kukimbilia. Ndo maana ngazi za stoo yenu zinakusumbua, maana kosa lenyewe kwenye kitabu kile ni la kusimama kwenye ngazi.

Alafu kumbuka kuna sura moja fupi sana karibu na mwisho. Msimuliaji anafika kwenye jambo fulani, anakwambia hili sitalisema, sura imeisha. Nakumbuka nilivyoifika nilisikia kama mtu kanishika bega. Mwandishi aliyetupitisha kote kule, asiyeogopa kitu, hapo akafunga mlango. Wewe unaniuliza mpaka ni wapi, mwenye kitabu chenyewe aliuchora.

Mimi naangalia jicho limewekwa upande wa nani. Mtu anapoumizwa kwenye hadithi, je unajua kesho yake alikuwa amepanga kufanya nini? Anapenda nini? Anamdai nani? Kama unajua, hata kama ukurasa ni mbaya kiasi gani, mwandishi bado anamshika mtu kama mtu. Kama hujui, kama yule binti kaingia ukurasa wa 40 ili akatwe ukurasa wa 41 na hata jina hana, basi wewe umekalishwa upande wa mwenye kisu na umepewa karanga. Kichukue hicho cha nusu ukipime hivyo. Mimi nimesema kifute kwasababu mwenyewe umeniambia ni kibaya kuliko kile na hujanitajia hata mtu mmoja aliyemo ndani yake, wakati The Girl Next Door umenieleza mpaka watoto wa mtaani.

Na hiki cha kumaliza kitabu kwasababu umekianza, sijui nani alitufundisha, labda ni shule. Hakuna anayesahihisha. Hakuna cheti.

Kuhusu mchumba. Mapepo simcheki, watu wana imani zao na mimi pia nikipita makaburini usiku naongeza mwendo. Ila mwambie mchana, sio usiku, mkiwa mnakula, kwamba kwenye kile kitabu hakuna pepo hata mmoja. Kungekuwa na pepo ingekuwa nafuu. Mule ndani kuna mama mwenye nyumba, watoto wa shule na majirani wanaojua wakanyamaza, basi. Akikuelewa vizuri, asipokuelewa utakuwa umejua kitu kabla ya kuolewa. Na suala la kukagua simu ya mwenzio ni hadithi ya kutisha ya aina yake lakini sio ya safu hii.

Moja la mwisho, hili sio utani. Kama hizo picha zinakujia mchana bila kuitwa wiki na wiki, usingizi umekataa, au kitabu kimegusa kitu kilichowahi kukupata wewe mwenyewe, acha kabisa hizi hadithi kwa muda na uende hospitali uonane na mshauri, umwambie hata kwamba ilianza kwa kitabu, hatakucheka. Kama sivyo, pumzika mwezi mmoja, soma hata kitu cha kuchekesha, alafu mrudie King wako wa zamani uone kama pilipili imetoka mdomoni.

Swali la pili

Habari mjomba. Kijana wangu ni wa gredi ya nane, miaka 13, nimepata kwa tableti yake mahadithi ya watu wanakatwakatwa, mengine hata siwezi kuandika hapa. Mamake anasema nimchape, mimi nafikiria nimpokonye tableti. Hofu yangu kubwa ni kwamba atakuja kufanya mambo kama hayo. Nifanyeje?
*Baba wa Wawili, Nakuru*

Mjomba anajibu

Salama ndugu yangu. Usimchape. Ukimchapa atakachojifunza ni kuficha vizuri zaidi, na wewe ndo kibatari chake, ukizima atasoma gizani.

Hofu yako sio ya ujinga. King huyohuyo niliyemtaja juu alikuwa na riwaya inaitwa Rage, ilitoka 1977 kwa jina la bandia, inahusu mwanafunzi anayeingia na bunduki darasani. Mwaka 1997 mwanafunzi mmoja wa Kentucky, Marekani, akawapiga risasi wenzake na ikajulikana alikuwa na nakala. King akaiondoa sokoni, mpaka leo haichapwi. Ila angalia alivyojieleza baadae, hakusema kitabu ndo kilichoua, alisema vijana wa aina ile walikuwa na mambo yao mazito tayari na kitabu kilikuja kuwa kama mafuta kwenye moto. Kwahiyo usianze na kitabu, anza na kijana. Ana marafiki? Analala? Anaonewa shuleni? Anamtesa paka? Mtoto wa miaka 13 anayesoma vitu vya kutisha alafu anacheza mpira na kugombania rimoti, huyo anajaribu ujasiri wake kama sisi tulivyokuwa tunaenda kugusa mti wa mzimu tukakimbia.

Lakini hizo za kukatwakatwa ondoa, miaka 13 bado, hilo usilijadili naye sana, wewe ni baba. Na ukiondoa weka nyingine mahali pake siku hiyohiyo, ya kutisha lakini yenye akili, na uisome wewe kwanza. Jioni mzungumze mmefika wapi. Ukiona unachoka kusoma, fikiria ada unayolipa.

Swali la tatu

Mjomba mambo vipi, mimi naandika simulizi za kutisha za kulipia, nina grupu la watu mia tatu hivi, episodi moja shilingi mia mbili. Nilianza na dereva wa lori aliyepakia abiria asiyemjua, ilikuwa inaenda vizuri, ila saivi watu wanataka damu, nikiweka mauaji wanalipa haraka, nikiweka hofu ya kawaida wanasema inaboa. Nimefikiria kuingiza mambo ya viungo vya albino na bibi kizee mchawi. Nivuke au nisivuke?
*Dereva wa Kalamu, Tanga*

Mjomba anajibu

Poa kijana wangu. Usivuke hapo, na nakwambia kama mtu anayekula kwa kalamu pia, kwahiyo najua shilingi mia mbili mara mia tatu ni sh ngapi.

Huko Marekani mtu akiandika vampaya hakuna jirani anayeamka asubuhi akakatwa kwasababu anafanana na vampaya. Hapa kwetu ni tofauti. Watu wenye ualbino wameuawa na kukatwa viungo kweli, nchi hii, mpaka Januari 2015 serikali ikapiga marufuku wapiga ramli. Usukumani wamekufa vikongwe kwa kosa la kuwa na macho mekundu, na macho yenyewe yamewekwa wekundu na moshi wa kupikia miaka hamsini. Wewe ukiandika bibi kizee mwenye macho mekundu anakula watoto, na dereva wako anammaliza na grupu zima linapiga makofi, kuna msomaji ana bibi wa hivyo jirani yake. Na wengine kwenye hao mia tatu huenda wana mtoto mwenye ualbino nyumbani, umewahi kuuliza?

Sisemi usiguse kabisa. Geuza jicho. Mwandike yule bibi mwenyewe kwa ndani, yuko peke yake na jiko lake la kuni, anasikia nyayo nje, anahesabu ni watu wangapi, anaitambua sauti ya mmoja wao maana alimpokea akizaliwa. Mlango wake ni wa mabati. Hujamwaga hata tone la damu na mimi tayari nywele zimenisimama nikikuandikia hapa.

Kuhusu wanaosema inaboa, kata episodi ziwe fupi, ishia pale mkono uko kwenye kitasa. Watalipa. Na hebu nitumie hiyo ya yule dereva tangu mwanzo, nitalipia, nataka kujua abiria alishukia wapi.